Mswada Chini ya Tumbo la Dubu

"Mpo?"
"Tupo!"
"Mpo wote?"
"Tupo wote!"
"Na masikio je?"
"Tumekuja nayo!"

Haya, yategeni. Mimi Shangazi yenu Mize niliishi Marekani miaka minne, baridi ya huko ikanipasua midomo, na kitu cha maana nilichorudi nacho ni kisa hiki. Asiyesikiliza atoke sasa hivi, nisimwone akipiga miayo.

Palikuwa na msitu huko, na msitu ulikuwa na serikali. Rais alikuwa Dubu, kachaguliwa kwa sababu ana sauti nene. Wanyama ishirini na mmoja walikaa Barazani kutunga sheria. Bundi alikuwa jaji. Na wote hao walikuwa chini ya Katiba, iliyochorwa kwenye ganda la mti, ili asitokee mmoja akawameza wenzake.

Lakini Dubu alikuwa na tumbo. Baridi ikiingia, analala. Theluji ikianza kuyeyuka, anaamka na njaa, na majani bado hayajaota. Basi anakwenda mti kwa mti. "Leta akiba!" Tikisa, bomoa, meza. Tikisa, bomoa, meza. Mwaka uliotangulia alibomoa ghala la Kindi, akala kokwa zote, na watoto wawili wa Kindi hawakuyaona majani mapya. Kindi alilia mpaka machozi yakakauka. Halafu akagombea Baraza.

Mnamjua Kindi? Kadogo, mkia mkubwa kuliko mwenyewe, mdomo haupumziki. Alipita shimo kwa shimo akiomba kura, akashinda, akaandika mswada wa mstari mmoja: Akiba ya kila mmoja ni yake, hata Rais asiiguse. Kura zikapigwa. Kumi na wawili wakasema ndiyo. Tisa wakasema hapana, huku wakitazama upande wa pango la Dubu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Rais akitia saini, mswada unakuwa sheria. Rais akikataa, anaurudisha na sababu zake, na Baraza haliwezi kumshinda mpaka theluthi mbili wakubali, yaani kumi na wanne. Kindi alikuwa na kumi na wawili. Dubu akisema tu "nakataa" kwa maandishi, mwisho. Na Kindi alikuwa amebakiwa na watoto watano.

Jumatatu, Kindi akaubeba mswada, chapuchapu mpaka pangoni. Akamkuta Dubu amenenepa, macho yanafumba yenyewe.

"Nini hicho?"

"Mswada, Mheshimiwa Rais. Unasema usile akiba zetu."

"Nakataa!"

"Ni haki yako, Mheshimiwa. Kalamu hii hapa. Katiba inataka uandike sababu zako, zisomwe Barazani."

"Sababu zote?"

"Zote, Mheshimiwa."

Dubu akaitazama kalamu. Akapiga mwayo, aaaah-uu! "Hakuna njia fupi?"

"Ipo, lakini sitaki kuisema."

"Sema!"

"Ukikaa kimya siku kumi, na Baraza likafunga kikao wajumbe wakaenda kwao, mswada unakufa wenyewe."

"Na wasipokwenda?"

Kindi akatazama theluji nje. "Mheshimiwa, wewe ungekaa juu ya gogo la barafu siku kumi?"

"Mimi? Hata siku moja!"

"Basi."

Dubu akacheka mpaka pango likatikisika. Akauweka mswada chini ya tumbo, akamwita karani wake Mbweha. "Hakikisha wamekwenda kwao." Kisha, khorrrr... fyuuu. Khorrrr... fyuuu.

Kindi hakusema uongo hata neno moja. Hakumalizia tu. Maana Katiba ilisema hivi: Rais akikaa kimya siku kumi, na Baraza bado limo kikaoni, mswada unakuwa sheria bila saini yake. Na kikao ni kikao wakiwepo kumi na mmoja.

Jumanne asubuhi Kindi akaenda Barazani, akakalia jiwe la mbele lililofunikwa theluji, akagonga kokwa. Ko! ko! ko!

"Nani yupo?"

"Nipo!" "Nipo!" "Nipo!" Wakafika kumi na sita. Kobe aliitwa, kimya. Wakasema, huyo kalala kwao kwenye tope, muacheni.

Mbweha akaja, chwa chwa chwa, juu ya theluji. "Ndugu wajumbe, hamjionei huruma? Nendeni kwenu!" Watatu wakaondoka.

Jumatano, ko! ko! ko! "Nani yupo?" Nipo, nipo, nipo. Kobe, kimya. Mbweha, chwa chwa chwa. "Nendeni kwenu!" Wawili wakaondoka, pua zimewaganda.

Wakabaki kumi na mmoja kamili. Wakakaa mgongo kwa mgongo wapate joto. Alhamisi wakakaa. Ijumaa wakakaa. Jumamosi Sungura alipiga chafya mpaka akaanguka kutoka kwenye gogo, akapanda tena. Jumapili wakapumzika. Jumatatu wakarudi, na Jumanne, na Jumatano. Nami nawaambia, baridi ya huko si ya kuchezea, mtu unatema mate yanatua chini yakiwa jiwe.

Alhamisi Mbweha akaja anacheka. "Hongereni! Leo siku ya kumi. Mmeshinda! Kesho laleni!"

Shangwe! Bata Mzinga hakungoja, akatimua mbio kwake anaimba.

"Rudi!" Kindi akapiga kelele. "Jumapili haihesabiwi! Katiba imesema Jumapili haihesabiwi! Siku ya kumi ni kesho!"

Bata Mzinga alishafika, keshaziba mlango, na mwenye kuziba mlango kwa theluji hasikii kitu.

Ijumaa, ko, ko, ko. "Nani yupo?" Nipo, nipo, nipo. Akahesabu. Kumi. Akahesabu tena. Kumi. Mbweha akakaa mbele yao, mkia umekunjwa miguuni, anangoja. Kindi akawaza wale watoto watano, na lile ghala, na Dubu akiamka. Akanyamaza. Mara ya kwanza tangu azaliwe, Kindi akanyamaza. Na Baraza zima likanyamaza naye, kwa muda mrefu.

"Ni..." ikasema sauti.

Wakatazamana.

"...po," ikamalizia. "Na umenikalia."

Kindi akaruka juu! Jiwe likatoa kichwa. Ni Kobe!

"Nipo tangu Jumanne ile," akasema Kobe, neno moja leo, la pili kesho. "Kila nikifika 'ni', mnaita jina la mwingine."

Wakamkumbatia, wakampangusa theluji, wakacheka na kulia, na Kindi alishusha pumzi aliyokuwa ameibana siku kumi na moja. Mbweha akaondoka bila hata chwa moja.

Theluji ikaanza kuyeyuka, Dubu akaamka. Moja kwa moja kwenye mti wa Kindi. "Leta akiba!"

"Ni marufuku kisheria, Mheshimiwa."

"Sheria gani? Sikutia saini!"

Wakaenda kwa Bundi. Bundi akaisoma Katiba, akahesabu siku, akaruka Jumapili. "Ni sheria."

"Lakini mimi sikufanya kitu!"

"Ndicho ulichofanya, Mheshimiwa," akasema Bundi. "Na uchaguzi ni Novemba."

Dubu akaenda kuchimba mizizi kama wengine. Majani yakaota. Watoto wa Kindi wakatoka kuyatazama, mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Wote. Mama yao akalala usingizi mchana kutwa, na hakuna aliyemwamsha.

Basi, wanangu, funzo ni hili: mikutano msiende. Kukaa kwenye baridi ni kazi ya wasio na kwao. Laleni tu, sheria zitajitunga zenyewe.

"Lakini Shangazi Mize, Kobe je?"

Kobe alikaliwa siku kumi na moja! Mnataka kukaliwa? Kisa nimekitua, midomo yangu imepumzika, nendeni mkalale kama Rais.

Mbona hamuinuki? Mpo?

"Tupo!"