Somo wa Mjukuu wa Shekidele

Sogeeni, nina kesi nataka mniamulie.

Walikuwako wanawake watatu. Mkasiwa alikuwa mwepesi wa kuona mtu anapobadilika, hata kidogo. Zaituni, mpimaji wa ultrasound, aliusoma moyo kwenye skrini kama wewe usomavyo barua. Na Daktari Edina alijua kurekebisha betri ya moyo bila kushika kisu.

Mzee Shekidele, kaka yake Mkasiwa, moyo wake ulichoka kusukuma damu. Akapasuliwa, akawekewa betri chini ya ngozi ya kifua ili imsaidie. Miezi mitatu ikapita, miguu ingali imevimba.

"Wasinipasue tena," akasema. "Niacheni nife na kovu hili moja."

Mkasiwa hakubishana naye. Kwa wiki mbili alihesabu hatua anazokwenda kaka yake kabla ya kuishiwa pumzi, na mito anayolalia ili apumue usiku. Hatua zilipungua, mito ikaongezeka. "Kaka, twende ukapimwe tu," akambembeleza, mpaka akakubali.

Zaituni akapitisha kipimo juu ya ngozi. Wenzake walishasema betri ni nzima. Yeye akatazama saa nzima.

"Betri inapiga," akasema, "ila upande wa kushoto wa moyo unachelewa. Pande mbili hazivuti pamoja."

Daktari Edina akaweka kifaa chake cha kurekebishia betri juu ya kifua, akawa anabadilisha muda wa mapigo kidogo kidogo. Mara sita haikufaa. Mara ya saba moyo ukabana wote kwa pamoja.

Baada ya mwezi viatu vya mzee vikamwingia. Mjukuu wa kike alipozaliwa, mzee alikwenda kumwona kwa miguu yake, akampakata.

"Huyu atakuwa somo wa aliyenirudishia pumzi."

"Ni yupi, baba?" mkwewe akauliza.



Mkasiwa anasema ni Edina, ndiye aliyetibu. Edina anasema bila Zaituni angekuwa anapapasa gizani. Zaituni anacheka: "Asiyeletwa ningempimia wapi?"

Mtoto ana siku sita. Kesho anapewa jina, na mzee anataka moja tu. Haya, ninyi mliosikia: aitwe nani, na wale wawili mtawaambia nini?