Jina Lililochelewa

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Itikieni kwa nguvu, wajukuu wangu, nimechoka na sirudii. Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Zamani, wanyama walikuwa na kijiji kidogo, kidogo hata moshi wa jiko moja uliwakohoza wote. Humo aliishi Nguchiro, jina lake Mashaka, na rungu lake linalosema. Siku moja njaa ikamuuma. Akamvizia Bi Pimbi, mjane, akitoka shambani na beseni la mahindi.

"Nipige?" rungu likauliza.

Bi Pimbi akageuka. "Nani huyo? Si Mashaka wa Bi Mwanaheri? Mama hajambo?"

Nguchiro akaona haya. "Hajambo. Shikamoo." Rungu likashuka. Bi Pimbi akampa mahindi, akaenda zake.

Kijiji kikakua, kikawa mji. Njaa ikarudi, Nguchiro akamvizia Bi Pimbi yuleyule.

"Nipige?"

Bi Pimbi hakusikia, kelele zilikuwa nyingi. Lakini Bata, muuza maandazi, akapaza sauti kutoka kibarazani: "We Mashaka! Namwambia mama yako!"

Rungu likashuka.

"Amenusurika, Bibi!" akasema Shomari.

"Kidogo tu, mjukuu wangu. Chochea moto."

Mji ukakua, ukakua, ukameza mashamba. Wageni juu ya wageni. Hata Mashaka mwenyewe akawa hamjui mtu. Mchana kweupe, njaa inamuuma, akamwona bibi mmoja kajitanda mtandio, kabeba beseni.

"Nipige?"

Nguchiro akasubiri. Akatazama huku, akatazama kule. Watu tele, wanamwona, wanapita. Hakuna aliyemwita.

Rungu likapiga.

Mtandio ukafunguka. Yule bibi akamtazama kutoka chini, damu inamtoka. "Nani huyo?" akasema. "Si Mashaka wa Bi Mwanaheri?"

"Alikufa, Bibi?" akauliza Shomari.

"Hakufa. Ila tangu siku hiyo Bi Pimbi hamwiti tena mtu jina. Anapita kimya kama wengine. Hilo ndilo linaloniuma."

"Nguchiro mbaya!"

"Alikuwa yuleyule, Shomari. Na rungu lilelile. Watu waliongezeka, wa kumwita jina wakapungua. Haya niambieni, mtoto wa wale wapangaji wapya, hapo nyuma ya ukuta wetu, anaitwaje?"

Shomari akachokoa moto.

"Nimewasikia mkicheza naye wiki nzima. Anaitwaje?"

Hakuna aliyejua.

"Basi kesho kamuulizeni. Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi nimechoka, nipeni mkono niinuke."