Kiboko cha Righa

Hadithi hii sikuileta mpate usingizi. Nimeileta mgombane. Mwenye kusinzia na akalale mapema, atuachie nafasi.

Katika mji mmoja mdogo chini ya milima ya Taita waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mghoi, mjane muuza mbaazi, alijua kukaa kimya. Angeweza kukaa karibu na kiumbe mwenye hofu mpaka hofu yenyewe ichoke. Mwakio mwenye bucha alijua kila mdomo unatamani nini. Hujafungua kinywa, yeye ameshakukatia maini. Na Wakesho, msichana aliyefagia mabanda ya mbwa, alikuwa na jicho la wakati. Jambo likitokea, hata liwe dogo kiasi gani, yeye aliliona palepale, wala si baadaye.

Watatu hawa hawakuwa marafiki. Kilichowaunganisha ni mtu waliyemchukia wote.

Mtu huyo ni Righa, mfunza mbwa wa ulinzi, mwenye yale mabanda aliyofagia Wakesho. Shule yake ilikuwa njaa na kiboko, na ukimuuliza alikujibu kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Alikuwa na mbwa aitwaye Jemedari. Alimwonyesha nyama ya ng'ombe. Akisogea anachapwa kwa tamaa, asiposogea anachapwa kwa ukaidi, mpaka mnyama akachanganyikiwa kabisa. Siku moja Jemedari akavunja banda, akamuuma mkono mtoto wa Mghoi. Mghoi alipokwenda kulalamika, Righa alimwambia kwamba mtoto mwenye mama hukaa nyumbani. Mwakio alipomtetea mjane, Righa akatangaza mji mzima kuwa bucha lile linauza vibudu, na wateja wakahama.

Lakini aliyeonja zaidi ni Wakesho. Righa alimfunga Jemedari kwenye nguzo katika uwanja wa mnada wa mbuzi ili amchape mbele za watu, na Wakesho akajilaza juu ya mbwa. Kiboko hakikusita. Kiliendelea kushuka, sasa mgongoni kwa msichana. Hakulia. Alikuwa akiapa moyoni.

Righa alipochoka alicheka, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wanunuzi wa nyuma:

"Haya, mchukue. Siku mbwa huyu atakapomtii mtu bila fimbo, aliyemfundisha aje achukue kiboko hiki, na mimi nitavua shati."

Sasa, mnada wa pale una desturi. Neno likisemwa uwanjani na msimamizi akagonga kengele, neno hilo limefungwa, liwe la bei au la kiapo. Righa aliijua desturi hiyo, ila majivuno yalimpiga upofu. Bi Mkawasi, msimamizi wa mnada, alimtazama Wakesho akijikokota kuinuka. Akagonga kengele.

Wakesho alikuwa amepanga chumba kwa Mghoi, hivyo akampeleka mbwa huko. Njia nzima aliwaza jambo moja tu, mgongo wa Righa ukiwa wazi. Mbwa alipofika alijichimbia chini ya ghala. Kila akisikia hatua za mtu, alijikojolea.

Mghoi alitoka na maji ya moto amwagie aliyemuuma mwanawe. Akainama, akaona mgongo wa mbwa uliochanika kwa kiboko. Maji akayamwaga pembeni, akaleta ungo wake wa mbaazi, akaketi amempa mbwa kisogo. Hakumwita, hakumtazama. Siku baada ya siku alipukuchua mbaazi pale, akizungumza na mbaazi tu, mpaka asubuhi moja akahisi pua mbichi kwenye kisigino. Alimwambia Wakesho asidhani amesamehe mtu. Alitaka Righa amwone mbwa huyu akitembea, roho imuume.

Jemedari alitoka, ila hakukubali chakula cha mkono wa mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwakio alileta maini, yakakataliwa. Akaleta figo, zikakataliwa. Akakaa akafikiri, akatambua kwamba kwa mbwa huyu harufu ya ng'ombe ni harufu ya kiboko. Basi akachukua pafu la mbuzi, akalikausha juu ya moshi, akalikata vipande vidogo kama punje za maharage. Akaviweka chini akaondoka. Kesho yake akaviweka juu ya kiatu chake. Hatimaye akaviweka kiganjani, na Jemedari akala. Mwakio alifuta machozi akasema kwa ukali kwamba ni huo moshi wake.

Ndipo Wakesho akaanza. Hakumsukuma mbwa wala kumvuta kamba. Alisubiri. Jemedari alipokalisha matako chini kwa hiari yake, Wakesho akapiga kidoko kwa ulimi, na kipande cha pafu kikafuata. Kile kidoko kilimwambia mbwa: hicho ulichofanya sasa hivi ndicho. Ukichelewa kidogo umemsifu kwa kuinuka, na Wakesho hakuchelewa. Mbwa akikosea hakugombezwa. Alipewa jambo jepesi zaidi, apate kufaulu. Akajifunza kukaa, kulala, kungoja na kuja akiitwa, kwanza uani, kisha katikati ya kuku wa jirani. Lakini zipo siku Wakesho alikumbuka kiboko, sauti ikamtetemeka kwa chuki, na Jemedari akarudi nyuma. Hapo ilimbidi aende nyuma ya nyumba asimame mpaka damu ipoe. Chuki aliiweka akiba kwa siku ya mnada.

Siku ikafika. Mghoi alimtembeza Jemedari katikati ya umati, kwa kuwa bila yeye asingeingia. Mwakio alimpa kipande kimoja, mbwa akatulia, kwa kuwa bila kile asingekumbuka kazi. Wakesho akamwambia kaa, akakaa. Akamwambia ngoja, na mbuzi wa watu wakampita puani. Righa akaja mbele, akapasua hewa kwa kiboko. Mbwa alitetemeka mwili mzima, macho yake kwa Wakesho, asiinuke. Msichana akamwita. Akaja. Kidoko kikasikika uwanja mzima.

Righa alivua shati. Kiboko kikawa mkononi mwa Bi Mkawasi, naye akauliza aliyemfundisha mbwa ni nani. Kiapo kilimtaja mtu mmoja, na watu watatu wakapiga hatua mbele.

Mghoi alisema bila yeye mbwa angeoza chini ya ghala. Akipewa kiboko hatapiga leo. Atakaa nacho, Righa alale na kuamka bila kujua siku ya kupigwa, kama mbwa alivyokuwa akingoja. Mwakio alisema bila yeye mbwa angekufa njaa. Akipewa, Righa atapiga magoti ale nyama ya bucha lake kiganjani, kipande kimoja kimoja, mji wote ukitazama, na kiboko kikiwa juu ya kichwa chake. Wakesho hakuwa na hotuba.

"Alichonipa mgongoni," alisema, "nataka nimrudishie chote."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Righa alikuwa akitetemeka, na naapa hakuna aliyemhurumia, hata mimi ninayesimulia.

Wakesho akanyoosha mkono kupokea. Vidole vilipogusa ngozi ya kiboko, alisikia kitu kikianguka miguuni pake. Jemedari alikuwa amelala kifudifudi, macho ameyafumba, mgongo ameutega. Hakuwa akimngoja Righa ampige. Aliona kiboko kinaingia mkono wa nani.

Wakesho aliona. Yeye huona palepale. Lakini mkono hakuurudisha, na mgongo wa Righa ulikuwa pale pale, wazi, uking'aa kwa jasho, jinsi alivyouota.

Bi Mkawasi hakuachia kiboko. Aliugeukia umati ili umwamulie, nami nawageukia ninyi. Kiboko ni kimoja, waliomfunza mbwa ni watatu, na mbwa yuko chini anangoja. Wewe hapo, ungekiweka mkononi mwa nani?