Kiti cha Mwamba Kombe

Hapo zamani, wala si zamani ya babu na bibi, ni zamani ya juzijuzi, plastiki ikiwa imeshafika kila ufukwe, palikuwa na kisiwa chenye mwamba uitwao Kombe. Mwamba ulikuwa na matumbawe, matumbawe yalikuwa na mashimo, na ndani ya mashimo walikaa pweza. Wanawake wa kisiwa hicho waliishi kwa kuchokoa pweza. Pweza ndiye aliyewavisha watoto sare za shule. Pweza ndiye aliyeezeka nyumba.

Kila mwaka wanawake waliufunga mwamba wao. Msimu mzima hakuna mkono unaoingia shimoni, hakuna kijiti, hakuna mkuki, ili pweza wakue. Siku ya kuufungua, kila mwanamke aliingia majini. Kila mwanamke, isipokuwa mmoja. Yule aliyeutumikia mwamba kuliko wenzake mwaka huo aliwekewa kiti ufukweni, kivulini. Siku hiyo hapiki. Siku hiyo hafui, hachoti maji, hamwogeshi mtoto. Mwanawe akilia, ananyanyuka mwingine. Pweza wa kwanza anapikwa kwa nazi na wanaume, naye analetewa sahani ikiwa bado inafuka moshi.

Wageni walicheka. "Zawadi gani hiyo, kukaa?"

Wanawake wa kisiwa hawakucheka. Kuna waliozeeka wakikitazama kile kiti, wasikikalie hata mara moja.

Basi mwaka mmoja, mwamba ukiwa umefungwa, upepo ulileta wavu. Wavu mkubwa wa meli, uliokatika huko kwenye maji mengi, ukaja ukajifunika juu ya Mwamba Kombe kama chandarua juu ya kitanda. Ulinasa samaki changu, ulinasa kasa, ulinasa pweza wakitoka kutafuta chakula. Ulikuwa hauna mwenyewe, lakini ulivua usiku na mchana.

Wavuvi wanaume wakakutana. Msemaji wao alikuwa Faki, mwenye boti ya injini.

"Mwamba unaoza," Faki akasema. "Tuufungue leo, tuchukue kilichobaki kabla hakijafa. Na mambo haya ya kufungafunga yaishe."

Bi Shumbana, mwenyekiti wa kamati ya mwamba, akasimama. "Tumelala na njaa kwa ajili ya pweza wale, Faki. Tupeni mpaka maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Wavu usipotoka siku hizo, fungueni. Na sisi hatutafunga tena maisha."

Watu wakasema, "Haya." Na hapo kila mwanamke akajua kilichowekwa rehani: wavu ukitoka, mwamba ni wao, wavu ukibaki, wamekwisha.

Sasa kisiwani palikuwa na wanawake watatu waliojua kuzamia kwa mitungi ya hewa. Walifundishwa na watu wa utafiti waliokuja kuhesabu matumbawe, na watu hao walipoondoka waliacha mitungi na mashine ya kuijaza. Wa kwanza alikuwa Mize. Wa pili alikuwa Mkasi, wifi yake Mize. Wa tatu alikuwa Bishara, jirani yao.

Mkasi alitaka kwenda siku ileile. "Wifi, wavu upo, kisu kipo, mimi nipo. Tunangoja nini?"

"Tunangoja maji mafu," Mize akasema. "Na tunakungoja wewe ujue utaweka wapi mguu."

Mize akafagia uwanja wake. Akaweka kinu, akasema hili ni tumbawe. Akafunika masufuria, akasema haya ni matumbawe madogo. Juu yake akatandaza chandarua kibovu, akakifunga kwa kamba huku na huku. Wakavaa mapezi ya kuzamia miguuni, wakatambaa mchangani, wakawa wanazungumza kwa mikono tu kama watakavyokuwa chini ya maji. Kuku wakatawanyika. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mama mkwe wake Mize akatoka ndani na ungo. "Mize, mwanangu, kinu changu kimefanyaje?"

"Ni mwamba, mama. Mpaka adhuhuri."

"Basi adhuhuri kiwe kinu. Nataka kutwanga."

Wakatambaa leo, wakatambaa kesho, mpaka kila mmoja akajua kazi yake akiwa amefumba macho. Mize afunge kwenye wavu madumu matupu yaliyokatwa kitako na kuyapulizia hewa, yawe ndiyo yatakayounyanyua. Bishara aushike upindo wa wavu usimfunike mwenzake. Mkasi akate kamba. Washuke maji yakiwa yamesimama, kati ya kujaa na kupwa. Mtungi wa yeyote ukifika nusu, wote warudi. Wapande polepole, wasiyapite mapovu yao wenyewe, na wasimame kidogo kabla ya kufika juu ili damu itulie.

"Na la mwisho," Mize akasema. "Mmoja akionyesha dole gumba juu, tunapanda. Wote. Hapana kuuliza kwa nini. Kwa nini tutaulizana botini."

Mkasi akaguna. "Na kama mwenzetu ameogopa tu?"

"Aliyeogopa anapanda, na sisi tunapanda naye."

"Hata ikiwa imebaki kamba moja?"

"Hata ikiwa imebaki nusu kamba."

Mkasi akamtazama Bishara. Bishara akajitia kufunga mapezi.

Maji mafu yakafika. Faki mwenyewe akawapeleka kwa boti yake, maana alitaka kuwaona wakishindwa kwa macho yake.

"Ule wavu tuliuvuta wanaume kumi na injini juu," akasema, "ukagoma. Ninyi mtautoa kwa madumu ya mafuta ya kula?"

"Shemeji, wewe tazama mapovu," Bishara akamjibu, maana Faki alikuwa ndugu wa mumewe. "Yakikatika ndipo uanze kusema."

"Mbona unatetemeka, shemeji?"

"Maji ya baridi."

"Hujaingia bado! Na maji yenyewe kama chai."

Mize akatazama bahari. Ilikuwa imelala kama mafuta sufuriani. Akaitikia kwa kichwa, wakajitupa kinyumenyume, mmoja, wa pili, wa tatu.

Wakashuka kwa kufuata kamba ya boya. Wakashuka kwenye ukingo wa nje wa mwamba, kina cha mnazi mrefu. Wakaukuta wavu, na chini ya wavu wakauona Mwamba Kombe: matumbawe ya zambarau, matumbawe ya manjano, na shimoni pweza mzee akiwachungulia kama mfungwa.

Mize akafunga madumu, akayapulizia hewa, yakasimama wima yakivuta. Bishara akaushika upindo. Mkasi akakata. Akakata kamba ya kwanza, ikaachia. Akakata kamba ya pili, ikaachia. Akakata ya tatu na ya nne, na wavu ukaanza kupumua, ukipanda na kushuka. Ikabaki kamba moja. Moja tu, nene kama kifundo cha mkono, imezama kwenye ufa. Mkasi akaingiza kisu, akakereza mpaka ikabaki nyembamba kama kidole.

Hewa ilikuwa bado. Mtungi wa yeyote haukuwa umefika nusu. Maji yalikuwa kimya.

Bishara akaonyesha dole gumba juu.

Mize akaliona, naye papo hapo akanyanyua lake. Mkasi akaitazama kamba. Akalitazama dole la Bishara. Akaitazama tena kamba. Halafu akachomoa kisu, akanyanyua dole gumba, akaondoka.

Wakapanda polepole. Karibu na juu wakasimama, wameishika kamba ya boya, na Mkasi alikuwa anamkodolea Bishara macho ndani ya miwani kama anataka kumla.

Hapo mapovu yao, yaliyokuwa yanapanda wima, yakaanza kwenda mshazari. Mkondo ulikuwa umeanza. Miili yao ikalala ubavu kama bendera. Kule chini wavu ukajaa maji, ukavimba kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Ukavimba, ukavimba, na ile kamba ya mwisho ikakatika kwa mshindo waliousikia vifuani. Wavu wote, na madumu yake, na vyuma vyake, ukafagia pale pale walipokuwa wamepiga magoti. Kama wangekuwepo, ungewazoa kama dagaa. Ukapita, ukapanda, ukaenda zake juu.

Huko juu wakasikia Faki anapiga kelele. "Unakuja! Jamani, unakuja wenyewe!"

Vichwa vitatu vikatokeza. Na mbele yao, katikati ya bahari, madumu ya mafuta ya kula yalikuwa yanaelea kwa mstari, yamebeba wavu ulioshinda wanaume kumi. Bishara akapiga kigelegele, akameza maji, akakohoa, akapiga kingine. Mkasi akacheka akisahau hasira. Faki akaufunga wavu nyuma ya boti, akauburuta mpaka ufukweni.

Ufukweni wanawake walikuwa wameingia majini mpaka kiunoni, na nguo zao. Walioshika watoto walishika watoto, walioshika miko walikuja na miko. Wakauvuta wavu nchi kavu kwa vigelegele vilivyosikika mpaka shambani. Bi Shumbana akaukanyaga kwa miguu yote miwili.

"Faki," akasema, "mwamba wa nani?"

"Wenu, Bi Shumbana."

"Sikusikia, upepo."

"Wenu!"

Siku ya kuufungua mwamba ikafika. Walitoka pweza wakubwa ambao kisiwa hakikuwahi kuwaona, mikono imening'inia nje ya ndoo. Wanaume wakakuna nazi. Faki akafunga kitambaa kichwani, akapuliza moto mpaka macho yakawa mekundu. Na kivulini kiti kikawekwa.

Bi Shumbana akauliza, "Nani akae?"

Mize akasema, "Kiti ni changu. Nani alitafuta siku? Mimi. Nani alipanga madumu? Mimi. Nani aliwatambaza mchangani mkinicheka? Mimi. Na nani aliweka sharti la dole gumba? Bila sharti lile, leo mngekuwa mnasomewa hitima."

Bishara akasema, "Dada Mize, ulipanga, lakini hesabu yako ya maji ilikosea. Ulisema yatasimama mpaka tumalize. Hayakusimama."

"Ilikosea, ndiyo. Mpango unaofaa siku ya mambo kwenda sawa tu, huo si mpango. Sharti lile niliweka kwa ajili ya siku ambayo mimi nitakosea."

Bishara akasema, "Basi kiti ni changu. Aliyenyanyua dole ni mimi. Sharti lingekaa mdomoni mwako mpaka tufe, kama nisingelinyanyua."

Mkasi akamgeukia. "Shoga, sema kweli mbele ya watu. Uliuona mkondo?"

"Sikuuona."

"Hewa ilikwisha?"

"Haikwisha."

"Basi uliona nini?"

"Sikuona kitu. Moyo ulinienda mbio, nikaogopa."

"Haya, mmesikia! Aliogopa. Ingekuwa alijua, ningemwekea kiti mimi mwenyewe. Mtu anapewa kiti kwa kuogopa?"

"Kule chini tulikuwa watatu," Bishara akasema. "Na aliyekuwa na akili ya kuogopa alikuwa mmoja. Na kuogopa si kazi, Mkasi. Kazi ni kulionyesha dole huku najua utanicheka mpaka uzeeni."

Mkasi akasema, "Kiti ni changu. Kamba zote nilikata mimi. Ninyi mmoja alifunga madumu, mmoja alishika pindo. Na nilipobakiza kidogo tu, kidogo kama hivi, niliambiwa niache, nikaacha. Mize kupanga alipanga uwanjani kwake. Bishara kupanda alitaka kupanda. Mimi peke yangu ndiye niliyepanda sitaki."

"Uliacha?" Bishara akauliza.

"Niliacha."

"Nilikuwa nimeshika pindo, Mkasi, uso wangu karibu na mkono wako. Dole ulikuwa umeshaliona. Ukakata mara moja tena."

Watu wakasogea karibu. Hata Faki akaacha kukoroga.

Mkasi akavuta pumzi. "Nilikata. Mara moja. Halafu nikaondoka."

"Umevunja sharti!" Mize akasema. "Kamba ingeachia wakati ule, sote tungekuwa ndani ya wavu."

"Haikuachia. Na bila ule mkato mmoja, wifi, mkondo ungeshindwa kuikata. Wavu ungekuwa chini mpaka leo, na hapa tulipo Faki angekuwa anauza pweza wetu wachanga."

Wengine wakasema wakae wote watatu. Bi Shumbana akakataa: kiti ni kimoja tangu kianze kuwekwa. Wengine wakasema wakae kwa zamu. Bi Shumbana akakataa tena: mtu anayekaa huku anangoja kunyanyuliwa hajakaa.

Basi wakasimama pale. Mize mwenye mpango uliokosea ukaokoa. Bishara mwenye hofu iliyokuwa sahihi bila kujua kwa nini. Mkasi aliyetii akivunja, akavunja akitii. Mwamba Kombe uko wazi, wanawake wamejaa majini wakiitana kwa furaha, pweza ameiva, na Faki amesimama na sahani mkononi, jasho linamtoka, hajui aelekee upande gani.

Ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mwambieni Faki, kabla pweza hajapoa: kati ya wanawake hawa watatu, ni nani aliyestahili kukaa?