Kwa Nini Rangi ya Mtoto Huanzia Masikioni

Nyamazeni kidogo, na huyo anayetafuna muwa amalize kwanza, maana hadithi hii haipendi kelele.

Hapo kale watu hawakuzaliwa na rangi. Mtoto alitoka tumboni mwa mama yake mweupe kama muhogo uliomenywa, akawekwa ndani vivyo hivyo mpaka rangi yake ipikwe. Ilipikwa kama tunavyopika rangi ya ukindu wa mikeka: mizizi ya mdaa kwa aliyetakiwa awe mweusi, magome mekundu kwa aliyetakiwa awe wa udongo, na chungu kimoja kikubwa cha maji ya kunde kwa wazazi wasiopenda makuu. Mtoto alichovywa, akakaushwa, akapakwa mafuta, ndipo akatolewa nje mbele ya watu na kupewa jina. Asiye na rangi hakutolewa. Asiyetolewa hakuwa na jina, na hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kumpakata.

Katika kijiji kimoja kando ya mto, mpishi wa rangi alikuwa msusi wa mikeka aitwaye Mwanamkasi, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali na mikono laini. Kila alipoletewa mtoto, alimtazama baba, akamtazama mama, akachovya kidole chunguni na kukigusisha kwenye ukingo wa sikio la mtoto, kama mwanamke yeyote wa ukindu anavyojaribu uchane mmoja kabla ya kutia mzigo mzima. Rangi ikikauka na kumridhisha, mtoto huyo ndani ya chungu. Kwa kuwa watoto walikunja ngumi na kukunja nyayo kwa kuchukia maji, viganja na nyayo havikukolea vizuri mpaka leo, lakini hilo halikuwa kosa lake. Wazazi walimjia na maagizo mengi, naye aliwacheka. "Unataka awe mweusi wa kung'aa? Na baba yake mwenyewe umemwona alivyopauka?"

Kijiji kizima kilikuwa kimepita mikononi mwake, na hakuwahi kukosea.

Kisha mkwewe Mashavu, mke wa mwanawe wa pekee, akajifungua mtoto wa kiume. Mwanamkasi alipowekewa mjukuu wake mapajani, alikwisha kwa mapenzi. "Mume wangu amekuja," aliwaambia wanawake waliokuja kumwona mzazi na kupongeza. "Hana jino hata moja na tayari ananitawala." Alimwimbia, akamnusa shingoni, akamgombeza kwa kulala sana, na akiamka akamgombeza kwa kutolala. Mapenzi yale hakuyaficha, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini ayafiche.

Baba yake Mashavu, Mzee Kibwana, alivuka mto kuja kumpa mjukuu jina, kwani kwao jina la kifungua mimba hutolewa na babu wa kuukeni. Alikuwa mzee wa kwenda kwa mkongojo. Nyumbani alikuwa amemwacha mkewe mgonjwa, na mawingu yalishaanza kutanda milimani. Mto ukijaa, hapiti mtu mpaka kiangazi. Kwa hiyo aliketi barazani akimsikia mjukuu wake analia nyuma ya ukuta, asiweze kumgusa, akingoja rangi.

Na rangi haikuja. Mwanamkasi aligusisha mdaa kwenye sikio la kulia, akaona ni mzito mno, utamzeesha mtoto. Akagusisha magome kwenye sikio la kushoto, akaona ni mepesi mno, jua litamwonea. Akajaribu maji ya kunde kwenye vifundo vya vidole, kisha akachanganya vyungu viwili na kujaribu kuzunguka kucha. Kila jaribio lilikauka, na kila lilipokauka alitikisa kichwa. Alichochea moto tena, akaongeza maji tena, akasema kesho. Ilipofika kesho akasema haya maji hayajatulia.

Asubuhi iliyopangwa mtoto atolewe nje, watu walikwisha kukusanyika uani na Mzee Kibwana amefunga kifurushi chake. Mashavu aliingia jikoni akamkuta mama mkwe amechuchumaa mbele ya vyungu. Rangi zote zilikuwa zimechemshwa hata zikawa utando mweusi ndani ya vyungu, na mdaa mwingine ulikuwa ng'ambo, safari ya kutwa.

"Mama," alisema Mashavu, "baba anaondoka. Akiondoka leo, mwanangu hana jina mpaka kiangazi, na baba sijui kama kiangazi atakiona. Utamtia rangi lini?"

"Sijaipata inayomfaa."

"Watoto wa kijiji kizima umewapatia, tena asubuhi moja tu. Wa kwangu ana kasoro gani?"

Swali hilo lilimchoma Mwanamkasi kuliko moto wa kuni zake. Alimtazama mkwewe, akaona macho yamejaa machozi.

"Hana kasoro, mwanangu. Watoto wa watu nilikuwa nawatia rangi, basi. Huyu nampenda. Kila chungu nikichungulia, naona hakimtoshi."

Mashavu alijipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Mimi nilimpenda kabla hujakoka moto, mama. Mtoe hivyo hivyo alivyo."

Mwanamkasi alisimama. Alimfunika mtoto, akatoka naye uani, akamfunua. Minong'ono ikaenea, kisha mwanamke mmoja mwenye domo akasema kwa sauti, "Mwenzetu, leo umetupakulia kibichi!" Watu wakacheka. Mwanamkasi alihisi uso unamwaka, lakini ulimi wake haukumtupa.

"Rangi yake ipo," alisema. "Tazameni masikioni. Iliyobaki iko njiani."

Hakuwa na hakika hata kidogo. Alisema tu, kama bibi anavyomsemea mjukuu wake mbele ya watu. Mzee Kibwana alinyoosha mikono. Ilikuwa mwiko, na kila mtu alijua, lakini hakuna aliyethubutu kumzuia. Alimpakata mtoto, akalikunjua sikio kwa kidole gumba, akaona lile doa dogo lililokauka pale ukingoni.

"Naiona, mkwe wangu," alisema. "Mimi inanitosha. Na hata nisingeiona, ningempakata." Akainama akamwambia mtoto jina lake kabla ya kulitangaza kwa watu: Feruzi. Kisha akamrudisha kwa mama yake, akashika mkongojo, akavuka mto maji yakiwa bado magotini.

Baada ya hapo Mashavu alikuwa akimwotesha mwanawe jua la asubuhi na kumpaka mafuta. Siku zilivyokwenda, rangi ilianza kutembea. Ilishuka kutoka masikioni kuja shingoni, ikapanda kutoka kwenye kucha kuja mikononi, taratibu, bila chungu wala moto. Mwanamkasi alimgeuza mjukuu huku na huku kutafuta ni chungu gani kati ya vyote, asikione. Ilikuwa rangi ambayo hajawahi kuipika. Alicheka huku analia, akawaita majirani waje waone.

Akina mama waliposikia, walikataa watoto wao kuchovywa tena. Waliomba waguswe tu masikioni na kwenye kucha. Vizazi vikapita, na watoto wakaanza kuzaliwa wakiwa wamekwisha kuguswa. Vyungu vya Mwanamkasi vikarudi kupika ukindu.

Na tangu siku hiyo, mtoto huzaliwa amepauka, na bibi zake wakija kumwona, kabla hata ya kuuliza hali ya mzazi, humkunjua sikio na kutazama ukingo wake, wapate kujua atakuwa wa rangi gani. Na tangu siku hiyo, mtu mzima akiichoka rangi yake, akajipaka mkorogo uso na shingo mpaka akang'aa, masikio na vifundo vya vidole hukataa kumfuata. Anaweza kuvisugua hadi vimuume. Hapo ndipo alipoguswa kwanza, na aliyemgusa alimpenda mno hata akashindwa kumchagulia.