Mke Mwenza wa Mama

Wahenga waliosema mtafuta cha mvunguni sharti ainame hawakuwahi kuliona gari, lakini methali yao inawahusu mafundi kuliko watu wote. Kilichofichika chini hakipatikani kwa kusimama wima na kushika kiuno.

Asubuhi ile fundi alikuwa ameshika kiuno. Siku hizi alikuwa na gereji yake mjini, ambako magari hunyanyuliwa kwa mtambo, na alikuja amevaa blauzi nyeupe. Mbele yake, katika banda la nyumba aliyozaliwa, lilikuwa gari kuukuu la marehemu baba yake. Mama alikuwa anahamia kwake. Gari likiwaka, lingehama naye. Lisipowaka, lingechukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye lori lake lilikuwa tayari langoni.

"Mke mwenzangu bado amenuna?" mama aliuliza, akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Alilipa gari jina hilo zamani, maana kila Jumapili mumewe alishinda nalo bandani.

"Amenuna, mama. Starta inazunguka vizuri, ila injini haishiki."

Alikwishabadilisha plagi, na cheche zilikuwa nzuri. Akachomoa mpira wa mafuta karibu na injini: mkavu. Akaurudisha, akanyunyiza petroli kidogo penye njia ya hewa. Mama akawasha; injini ikanguruma, ikazima. Basi mafuta hayakuwa yakitoka tangini, na pampu ya gari lile ilikuwa nyuma, chini kabisa.

"Jamani, jua linapanda," mnunuzi akakumbusha.

Fundi alitazama sakafu yenye vumbi na mafuta machafu. "Tumpe tu huyu bwana, mama. Limezeeka."

"Mwanangu, baba yako Jumapili nilimjua kwa nyayo tu, zimechomoza chini ya gari. Na vijiguu vyako vilikuwa kando ya vyake. Leo umekuwa mkubwa hata huwezi kulala chini?"

Maneno yale yalimchoma. Akakumbuka harufu ya grisi, na sauti ya baba yake chini ya gari ikimwambia, "Sikiliza kwanza, ndipo ushike." Akatandika gunia, akalala chali na blauzi yake, akajisukuma uvunguni.

"Zungusha ufunguo nusu, mama."

Kimya. Pampu haikuvuma. Akapapasa, kidole kikakuta waya uliochomoka, ncha yake imeota kutu ya kijani. Akaukwangua kwa kisu, akaurudisha mahali pake. Pampu ikavuma, na fundi akalia palepale chini, maana mvumo ule hakuusikia tangu baba yake afariki.

Akatoka uvunguni. "Washa!"

Injini ikashika, banda likajaa moshi. Mnunuzi akacheka, akaligeuza lori lake tupu.

"Haya, mke mwenza, twende zetu," mama akasema, huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Fundi akaketi kando yake, mgongo mweusi tititi kwa mafuta machafu, moyo mweupe. Ama kweli, mtafuta cha mvunguni sharti ainame.