Dume Lenye Sikio Zima

Alikuwapo mama mmoja mfugaji, mjane, na zizini kwake hapakuwa na anayependwa kama dume lake jeupe, jina lake Pamba. Asubuhi, kabla hajawaamkia watu, anamwamkia Pamba. Mwanawe wa pekee alikuwa ameposa, na kwao mahari hutanguliwa na dume lisilo na kovu, toka pembe mpaka kwato. Ng'ombe wanaofuata nyuma hata wawe na chongo, lakini wa mbele awe safi. Mama yule alishajiona akilini anavyopita na Pamba, watu wamesimama wanatazama. Nani kati yetu hapendi kutazamwa?

Basi ikaja habari ya sotoka. Ninyi vijana mnatazamana, hamjui sotoka ni nini. Ngojeni. Ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe. Wazee wa pale walisimulia ulivyopita zamani: ng'ombe wakianguka huku wanatokwa machozi kama watu, na tai wakishiba hata kuruka hawawezi, wanatembea kwa miguu kama kuku. Nyumba zilizozoea maziwa zikachemsha ngozi za kulalia.

Bwana mifugo akafika na sindano. Kila ng'ombe achanjwe, na akishachanjwa sikio la kushoto litiwe pengo, ijulikane huyu tayari. Akasema, "Tukichanja wote, ugonjwa huu utakwisha. Sisemi utapungua. Utakwisha duniani."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamwambia, "Bwana mifugo, kunguni wametushinda kwenye kitanda kimoja, wewe unasema duniani?"

"Kunguni ana ufa wa kujificha, mzee wangu. Sotoka inaishi ndani ya mnyama tu. Ikikosa wa kumwingia, inakufa njaa."

Mama yule alisikia neno moja tu katika hayo yote: pengo. Siku ya kuchanja akamwingiza Pamba jikoni, akamfunga kwenye nguzo, akamwekea majani ya viazi anyamaze. Wengine akawatoa nje. Bwana mifugo alipomaliza akafuta jasho, akauliza, "Mama, ndio wote?"

"Ndio wote, baba."

Jikoni chungu kikaanguka, paa!

"Paka huyo," akasema mama.

"Paka wako ana kwato," jirani yake akajibu chinichini, na wanawake wakainamisha vichwa wakicheka. Wakaishia hapo hapo. Si dume lao. Je, si ndivyo tulivyo? Jirani anaficha, sisi tunacheka, tunakwenda zetu.

Baada ya mavuno wakaondoka na mahari, Pamba mbele, ameoshwa anang'aa. Kwa wakwe wakapokewa kwa vigelegele. Baba wa binti akamzunguka dume, akapapasa pembe, akainua kwato. Akafika kwenye sikio la kushoto, akalishika, asiliachie.

"Mkwe wangu, mbona sikio hili zima?"

"Ndiyo sifa yake, baba. Hana kovu hata la mwiba."

"Nimeona. Sasa tazama zizi langu." Mama akatazama. Wakubwa kwa ndama, kila sikio la kushoto lina pengo. "Sisi huku tumeziba uzio mzima, wewe unatuletea tundu, tena umelipamba. Mrudishe. Binti atangoja."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye kifo hakijafika; aliumbuliwa na sikio.

Mama akashika kamba ya Pamba, wakarudi. Wakafika kwake, akapitiliza. Mwanawe akamwambia, "Mama, nyumbani tumepita." Akajibu, "Najua." Akaenda mpaka kwenye josho, siku ambayo kijiji kizima kimeleta ng'ombe kuogeshwa, akasimama mbele ya bwana mifugo watu wakisikia.

"Siku ile nilikwambia ndio wote. Yule paka ndiye huyu."

Josho zima likaangua kicheko. Yeye akacheka nao, huku machozi yanamtoka. "Mchanje," akasema, "na sikio ukate, pengo lionekane." Kichwa cha Pamba alikishika mwenyewe.

Pengo lilipopona akarudi kwa wakwe. Safari hii alitembea ubavu wa kushoto, upande wa pengo, shingo juu kuliko mara ya kwanza. Baba wa binti akasogea langoni akampisha Pamba aingie.

Na sotoka? Ilikwisha, wanangu. Haimo duniani. Mwanzoni nilipoitaja mlitazamana, hamwijui. Wenye ng'ombe waliwashinda wenye kicheko, hata jina la adui likakosa wa kulitambua.

Mtaniuliza, maradhi yote yatakwisha? Sitawadanganya mbele ya madhabahu. Mengine yana mapango yake porini, kwa popo na panya, na hayo bado tunahangaika nayo. Lakini yale yasiyo na makao ila ndani yetu, yanakaa wapi kama si jikoni mwetu? Yanakaa kwa yule mmoja tuliyemwona mzuri mno, wa kwetu mno, hata tukamfungia mlango. Na dhambi nayo ni vivyo hivyo. Tisini na tisa tunazitoa uani zionekane, moja tunaipa majani ya viazi inyamaze.

Jumanne wanakuja watu wa matone ya chanjo ya kupooza. Sisi tutafungua milango yote, na wa jikoni tuanze nao. Na mtoto wako akipakwa wino kidoleni, ijulikane huyu tayari, usimwoshe haraka. Mshike mkono ule ule, umpitishe sokoni, watu watazame.